Siku 28 na Mayele

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu 2024, mvua imenyesha usiku kucha. Nilikuwa bado ndani ya chandarua wakati mdogo wangu aliponivuta mguu.

"Yaya, kuya uone. Mayele iko nalewa."

Nilifikiri ni mchezo. Mayele ni sungura. Hapa Rubondo nimeona watu wengi waliolewa, lakini sungura bado. Sauti ya mtoto haikuwa ya mchezo, basi nikajifunga kitenge nikatoka.

Mayele alikuwa kwenye kona ya kibanda chake. Kichwa kimepinda upande wa kushoto mpaka sikio linagusa mbao, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Alipojaribu kusimama alianguka upande uleule, akabingirika mara mbili, mara tatu, mpaka ukuta ukamzuia. Lakini macho ndiyo yalinitisha. Yalikuwa yanaruka kushoto kulia, kushoto kulia, bila kusimama, kama ya mtu anayesoma barua kwa haraka. Jioni iliyopita alikuwa mzima kabisa, alikula matembele mkononi mwangu.

Ndugu msomaji, unajua maisha ya hapa kwetu. Nyumba hazina ua, jambo la mtu mmoja ni la wote. Dakika kumi hazikupita, watu wakawa wamejaa. Baba jirani, mtu mwema kabisa, alisema: "Chinja sasa hivi. Ikikufa yenyewe, nyama inakuwa bure." Mama mmoja anayekaa nyuma yetu alitikisa kichwa: "Hiyo si ugonjwa. Kuna mtu amepita hapa usiku." Mwingine akasema ni nyoka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kibanda, amepanua mikono, kama kipa anayesubiri penalti.

Niseme kwanza Mayele ametoka wapi. Mdogo wangu ana miaka 12. Mwaka mmoja kabla ya hapo alianza kubebea watu maji, jerikani ya lita 20, safari moja shilingi 300 au 500 kufuatana na kilima. Alipofikisha 15,000 alikwenda Rugaaga siku ya soko, hakumwambia mtu, akarudi na sungura jike ndani ya shati. Alimwita Mayele kwa sababu kwenye hadithi zote za mama sungura ndiye mwenye akili, na kwetu akili ya namna hiyo inaitwa mayele.

Mimi nafanya kazi na vijana. Nilimaliza sekondari, chuo hakikuwezekana, na sasa nina miaka 25. Mambo ya sungura yaliingia kwenye kikundi chetu kupitia huyohuyo Mayele. Alizaa watoto watano, tukawapa vijana watano kwa mpango wa kurudisha mtoto mmoja kwa kila uzao wa kwanza. Ulikuwa mpango mzuri kwa mahali petu. Mbuzi akikata kamba anakula mahindi ya mtu, na ukishakula mahindi ya mwenyeji wa hapa unaweza kuishia kwa mwenyekiti. Halafu ugonjwa wa midomo na kwato ukiingia Isingiro, kwarantini inafunga masoko na ng'ombe na mbuzi hawasogei. Sungura hana habari na kwarantini. Anabeba mimba mwezi mmoja tu, anakula majani, anakaa kwenye kibanda cha mbao mabaki.

Kwa hiyo asubuhi ile sikuwa naangalia sungura mmoja. Nilikuwa naangalia mama wa mradi mzima akiwa anabingirika.

Mama yetu ndiye aliyetoa hukumu. Alitoka jikoni na kisu mkononi (alikuwa anamenya mihogo, lakini mdogo wangu alipokiona kile kisu alianza kulia). Mama hakusema kitu. Alichuma jani la matembele, akapiga magoti, akaliweka karibu na mdomo wa Mayele. Mayele alilitafuta, akalikosa, akalitafuta tena. Mama akamshikilia kichwa. Akala.

"Akila, hatuchinji," mama alisema. "Siku atakataa, tutaona."

Watu wakaondoka. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya nyumba.

Sasa naandika sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Jioni ile nilitafuta dawa. Nilikuwa na vidonge viwili vya amoksisilini vilivyobaki nilipougua kifua. Nilifikiri hivi: kichwa kimepinda, huenda ni sikio, sikio likiuma mtu anapewa amoksi, na sungura ni mdogo, basi nimpe kidogo. Nikafungua kidonge, nikachanganya unga wake na maji, nikampa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nikajiona mwerevu sana. Halafu nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, maneno haya haya: "Mayele anaumwa kichwa kimepinda, nimempa amoksi kidogo. Mwenye sungura anayepiga chafya au mwenye makamasi ajaribu pia." Nikaweka na alama ya dole gumba.

Jumatano mavi ya Mayele yalikuwa laini na yananuka. Alikula kidogo. Nikampa tena asubuhi na jioni. Alhamisi vidonge vikawa vimeisha, na sikuwa na pesa ya kununua vingine. Nilisikitika. Kumbe umaskini ule ndio ulimwokoa.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi nilikwenda Rugaaga kumwona mtu anayetibu mifugo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, lakini si kwa dharau. "Sungura? Mimi ni wa ng'ombe." Hilo nililielewa. Hii ni Ankole, ng'ombe wa pembe ndefu ndiye mnyama, wengine ni wageni tu kama sisi.

Bahati, Ijumaa nilikuwa na semina ya siku moja Mbarara na nauli ilikuwa imelipwa. Mayele alisafiri bure. Nilimweka kwenye katoni ya sabuni, nikakunja vitenge viwili na kuvibana huku na huku asibingirike, nikapanda boda mpaka Rugaaga, kisha taksi. Barabara ya vumbi, mashimo, migomba pande zote, katoni kwenye mapaja. Mzee mmoja mwenye kofia na fimbo, pembeni yangu, aliuliza kuna nini ndani. Nikafungua kidogo. Aliangalia, akauliza ni ya shilingi ngapi. Nikamwambia labda 20,000. Akacheka mpaka kondakta akageuka. "Nyabo, unampeleka hospitali mnyama wa elfu ishirini?" Lakini baada ya hapo, kila tulipofika kwenye shimo, aliweka mkono wake juu ya katoni kabla yangu. Tulipofika kwenye lami upande wa Isingiro alikuwa amesinzia, na mkono bado uko juu ya katoni.

Mbarara ni mji wa maziwa, kwa hiyo maduka ya dawa za mifugo hayakosekani. Saa ya chakula cha semina sikula, nilizunguka na katoni yangu. Duka la kwanza hawakutaka. La pili kulikuwa na daktari wa mifugo, mwanamke, umri kama wa mama yangu mdogo. Alisema Kiswahili chake ni kidogo, nami nikasema Kinyankole changu ni kidogo zaidi, tukacheka, tukaelewana kwa kuchanganya.

Alianza kwa kumpima. Kilo 2 na gramu 100. Kisha akawasha tochi ya simu akaangalia ndani ya masikio yote mawili. Akatafuta magamba. Alinieleza kwamba kuna wadudu wadogo wa masikio ambao wakiingia wanaacha magamba ya kahawia yaliyorundikana, na sungura anajikuna mpaka damu, na ugonjwa ukiingia ndani zaidi kichwa kinaweza kupinda. Mayele hakuwa nayo. Akaangalia pua, kisha akageuza miguu ya mbele na kuangalia upande wa ndani. Hiyo sikuielewa. Akasema sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa mikono yake kama mtoto, manyoya ya pale yanakuwa yameganda. Ya Mayele yalikuwa safi.

"Ulimpa dawa gani?" aliuliza.

Nikamwambia.

Alinyamaza kidogo. "Kwa mdomo?"

"Ndiyo, daktari."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Ziliisha."

Akasema: "Mshukuru Mungu ziliisha." Tumbo la sungura linafanya kazi kwa vijidudu vizuri vinavyosaga majani. Amoksisilini na ndugu zake wa penisilini zikipita mdomoni zinaua vile vizuri, vibaya vinabaki peke yao, vinatoa sumu, sungura anaharisha na kufa. Dawa inayomponya mtoto wa mtu inaua sungura. Aliisema polepole, bila kunigombeza, na mimi wakati huo nilikuwa nawaza ile alama ya dole gumba.

Kuhusu kichwa, alieleza kwa mfano ambao niliupenda. Aliuliza kama nimemwona fundi wa nyumba na pimamaji yake, ile yenye tone la hewa ndani. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kama hicho, na ubongo unakisoma. Kikiharibika, sungura anaamini dunia imeinama. Anayebingirika hajachanganyikiwa wala hajalogwa. Anajaribu kusimama wima kwenye dunia ambayo kwake imelala upande.

Akasema wezi ni wawili wanaoshukiwa zaidi. Wa kwanza ni maambukizi ya sikio la ndani, mara nyingi bakteria anayeitwa pasturela. Wa pili ni kimelea kidogo sana kinachokaa kwenye ubongo na figo, jina lake aliniandikia kwenye karatasi: Encephalitozoon cuniculi. Kinatoka kwenye mkojo wa sungura mwingine au mtoto anakipata tumboni mwa mama yake. Sungura wengi wanacho na hawaugui, halafu siku moja, kama Jumanne yetu, kinaamka. Kumtofautisha mwizi wa kwanza na wa pili kunahitaji vipimo ambavyo dukani kwake havikuwepo. Kwa hiyo anatibu wote wawili.

Alimchoma sindano ya enrofloksasini, ambayo tumbo la sungura linaivumilia, na kunipa ya kuendelea nayo nyumbani. Kwa kimelea alinipa fenbendazoli ya maji, dawa ya minyoo ya mbuzi. Miligramu 20 kwa kila kilo moja, mara moja kwa siku, siku 28 bila kuruka. Chupa ilikuwa ya miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo kwa Mayele ilikuwa mililita 0.4, tone kubwa tu. Alinionya kwamba kuna dawa nyingine ya minyoo, albendazoli, inayofanana jina na ya bei nafuu kidogo, ila inaweza kuharibu damu ya sungura. Nisibadilishe.

Nililipa 37,000 pamoja na mabomba mawili ya sindano. Nilikuwa na 22,000. Iliyobaki nilikopa kwa mwenzangu wa semina ambaye mpaka leo anaamini nilinunua dawa ya mama.

Nilifika nyumbani usiku. Kabla ya kula niliandika kwenye kundi: "Acheni amoksi. Nilikosea. Inaua sungura. Aliyeanza aache sasa hivi." Watu wanne walijibu kwamba hawakumpa. Mmoja hakujibu. Simu yake ilikuwa imezimwa, si unajua mvua ikiendelea sola hazichaji.

Ni msichana wa miaka 16, Mrundi, anaishi na bibi yake mbali kidogo na sisi. Jumamosi nilikuwa na kazi mpaka jioni. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake kwa miguu. Nilipofika nilimkuta anafua, na kibanda cha sungura kilikuwa kimeoshwa na kuanikwa juani, mlango wazi. Sikuhitaji kuuliza.

Sungura wake alikuwa mtoto wa Mayele, yule mwenye doa jeupe puani. Alikuwa na makamasi, basi tu. Msichana alikuwa na dozi nzima ya amoksi ambayo bibi alipewa na hakuitumia. Alimpa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu alipoona anaharisha hakuacha, kwa sababu sisi wenyewe, kwenye mafunzo ya afya, mimi nikiwa mmojawapo, tulisimama mbele yao tukasema dawa ya aina hii usiikatize, maliza dozi. Alimaliza. Sungura alikufa Jumamosi alfajiri.

"Dada, si ni wewe uliandika?" aliniuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua kama alisoma vibaya.

Bibi alinitolea kiti, akaniita mwalimu, akaniambia mambo ya Mungu hayana maswali. Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kunyamaza. Ningesema ndiyo bibi, ningekunywa maji, ningeondoka. Nikamwambia: "Hapana bibi. Si Mungu, ni mimi. Nilimwambia ampe dawa ambayo siijui." Bibi aliniangalia muda mrefu. Halafu akaniuliza na Mayele anaendeleaje, na hilo swali liliniumiza kuliko kama angenifukuza.

Watu wengi wanaosoma kurasa hizi ni wafanyakazi kama mimi, wengine wana fulana zenye nembo nzito kuliko yangu. Sina ushauri. Nasema tu kwamba yule msichana hakuamini amoksi. Aliniamini mimi.

Turudi kwa Mayele. Siku kumi za kwanza zilikuwa ngumu. Tulimtoa kwenye kibanda cha waya tukamweka ndani ya nyumba, kwenye katoni fupi, chini tumetandika gunia na nguo za zamani, pembeni vitenge vilivyoviringishwa kama mito. Nafasi kubwa kwake ilikuwa hatari, akiwa na pa kubingirika anabingirika. Usiku ulikuwa unasikia tu-tu-tu kwenye kona, unajua amepinduka, unaamka, unamgeuza kwa mikono miwili na kumshikilia kifuani kwa nguvu kidogo mpaka moyo wake utulie. Ukimshika legelege anaona anaanguka. Jicho la chini lilikuwa linasugua nguo, tulilisafisha asubuhi na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Kazi kubwa ilikuwa kula. Daktari alisema sungura asipokula siku moja tumbo linasimama, na tumbo likisimama linamwua kabla ya kichwa. Kama hawezi kutafuna, twanga majani na maji, mpe kwa bomba kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, akimeza ndipo unaongeza. Tulitwanga matembele na majani ya porini kwenye kinu cha mama. Mama alilalamika kuhusu kinu, siku ya pili nikamkuta anatwanga mwenyewe. Majani mazima tuliyaosha na kumpa yakiwa na maji maji, kwa sababu chupa ya maji hakuweza kuilenga. Sombe hatukumpa, majani ya muhogo mabichi yana sumu, hilo hata watoto wanajua.

Mdogo wangu alipewa kazi ya kuhesabu mavi. Daktari alisema mavi ndiyo ripoti ya tumbo. Alichukua daftari lake la hesabu, akaligeuza nyuma, akaandika tarehe na namba kila asubuhi. Jumamosi: 9. Jumapili: 14, madogo. Jumatatu: 11. Jumatano: 31. Jumatano ile mama alikuwa anahesabu pamoja naye, nikiwa kitandani nawasikia wanabishana kama moja lililovunjika ni moja au mawili.

Siku ya sita macho yaliacha kurukaruka. Siku ya tisa alisimama peke yake, ameegemea kitenge. Siku ya kumi na mbili alitembea, kwa duara, upande wa kushoto tu, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kulikuwa na jambo jingine. Pale Mbarara, wakati naondoka, daktari alinivuta karibu na kusema kwa sauti ya chini kwamba kile kimelea mara chache kinaweza kumpata binadamu mwenye kinga dhaifu. Nikiwa kwenye taksi niliwaza nitasemaje. Hapa kwetu ukisema kinga dhaifu, watu wanaanza kuhesabu nyumba kwa macho. Nani anakwenda kliniki siku gani. Kwenye kikao cha vijana sikutaja kinga. Nilisema kwamba kuanzia leo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, akigusa sungura au kibanda ananawa kwa sabuni, mkojo haufagiliwi ukiwa mkavu, mbao zinamwagiwa maji yaliyochemka, na watoto wachanga hawachezei hapo. Baada ya kikao kijana mmoja alinifuata, akauliza swali moja fupi, nikamjibu, akaamua kumwachia dada yake kazi ya kusafisha. Hakuna mtu mwingine aliyejua kwa nini.

Kuhusu pesa, mama alijua wiki ya tatu. Alikuta karatasi ya duka mfukoni mwa sketi yangu. Tangu 2023 tulipogawanywa makundi ya chakula, kwetu kila shilingi elfu ina jina lake, na 37,000 ni kilo nyingi za unga. Nilisubiri kelele. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kusimulia habari za dende.

Dende ni wale wanyama wadogo wasio na mkia, wanaolia kwi-kwi, kule Kivu kila jiko linao. Mama alikulia Walungu. Alisema wakati wa vita mbuzi wao walichukuliwa mara mbili. Dende hawakuchukuliwa, kwa sababu walikaa jikoni, gizani, na mtu aliyepita barabarani hakuwaona. Baba yake aliuza dende akalipa karo ya mama ya mwaka mmoja, mwaka pekee aliosoma baada ya vita kuanza. "Mutu anacheka munyama mudogo," mama alisema, "na ni yeye anabakia." Halafu akanirudishia karatasi, akasema nisimdanganye tena, na kwamba deni ni langu, si la nyumba.

Siku ya 28 ilikuwa Alhamisi. Mdogo wangu alimpa tone la mwisho mwenyewe. Kichwa hakijanyooka. Daktari alikuwa amenionya, dawa inamzuia mwizi lakini hairudishi vyote alivyoiba. Ukimwangalia kwa mbele, masikio yake yako kama saa nane ya saa ya ukutani. Lakini anakula, anakimbia, ananyoosha njia yake vizuri kama hana haraka. Akishtuka ndiyo anazunguka mara moja kwanza, kisha anakumbuka njia.

Kilichokuwa kigumu ni kumwambia mdogo wangu kwamba Mayele hatazaa tena. Kama ni kile kimelea, watoto wanaweza kukipata tumboni. Alikuwa ameshapiga hesabu: uzao mmoja, kaptura ya shule, uzao wa pili, viatu. Aliniuliza: "Sasa atakuwa na kazi gani?" Sikuwa na jibu. Sungura asiyezaa na asiyeliwa, kambini, ni kitu cha ajabu. Wageni wawili wa shirika moja walipotutembelea waliuliza Mayele yuko kwenye hesabu ya mradi au la. Nikawaambia hayuko.

Mwezi wa sita kijana mwingine alileta sungura wake, kichwa kimeanza kupinda. Safari hii niliwasha tochi kwanza. Masikio yalikuwa yamejaa magamba. Sikumpa kitu. Nilimpigia daktari, akasema ni wale wadudu, ivamektini chini ya ngozi na kurudia baada ya wiki mbili, na magamba yasibanduliwe kwa nguvu. Yule alipona, kichwa kikanyooka kabisa, mpaka mdogo wangu akaona wivu.

Mwezi wa nane nilikuwa nimeweka pesa kidogo, nikanunua sungura jike kwa mfugaji mmoja wa Rugaaga, si wa ukoo wa Mayele, nikampelekea yule msichana. Alimpokea, akamgeuza, akamwangalia ndani ya masikio, akamwangalia miguu ya mbele upande wa ndani, kama nilivyowaonyesha. Halafu akaniangalia usoni. "Na huyu, dada, atakunywa dawa gani?" Sikujua kama ni utani. Bibi ndiye aliyeanza kucheka.

Deni la Mbarara nilimaliza mwezi wa kumi. Mayele bado yuko. Analala jikoni, chini ya meza ya masufuria, mahali pasipoonekana kutoka njiani, mama ndiye aliyempangia. Baba jirani, yule wa chinja sasa hivi, huwa anapita jioni na mabaki ya kabichi. Anasema Mayele anafanana na mzee anayesikiliza redio yenye betri iliyochoka. Mdogo wangu akimlisha naye anapinda kichwa upande wa kushoto, eti ili waonane sawa. Daftari la hesabu liliisha kurasa zamani, lakini juzi nilimkuta ameandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni: 104.